Miaka Kumi na Moja Nyuma ya Zakaria

Gisenyi, Jumapili, Aprili 1956. Saa kumi alasiri.

Mvua tangu asubuhi. Ziwa halionekani, na Goma, ng'ambo ya mpaka, nayo imemezwa na ukungu. Koo linaniuma, viatu vyangu viko karibu na jiko vimejaa tope, na moyo wangu sijui niuweke upande gani. Nina aibu. Nina furaha pia, na hiyo furaha ndiyo inayonitia aibu zaidi.

Nitaandika yote leo. Nusu ya mji tayari wanayajua, na si haki daftari langu liwe la mwisho kupata habari.

Sijui kusoma noti.

Yaani, sikujua. Hadi wiki tatu zilizopita, mimi, fundi cherehani wa barabara ya sokoni, kiongozi wa sauti ya nne katika kwaya ya kanisa letu kwa miaka kumi na moja, nilikuwa nikifungua karatasi ya muziki na kuona mbegu za papai zilizomwagika juu ya mistari mitano. Hakuna zaidi. Nilikunja uso, nikatikisa kichwa polepole kama mtu anayeelewa, nikachomoa penseli nyuma ya sikio na kuweka alama ndogo mahali popote. Watu walipita nyuma yangu kwa heshima.

Sikuanza kwa nia mbaya. Siku ya kwanza nilipoingia kwaya, Mchungaji, ambaye ni mzungu mzee na sikio lake la kushoto halisikii, aliuliza kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kifaransa: nani anajua kusoma note? Nikanyoosha mkono. Nilidhani anauliza vile vikaratasi, nao huviita note, ambavyo wake wa Wabelgiji hunitumia kwa mikono ya wapishi wao, kwamba gauni lipunguzwe kiuno na mikono iongezwe. Ninavisoma kila siku! Mchungaji akafurahi mno, akanipa karatasi, akanitangaza kiongozi wa sauti ya nne. Nilipoona kilichokuwa kwenye karatasi, watu walikuwa wamekwisha kupiga makofi.

Ningeweza kusema siku ile. Ingekuwa aibu ya dakika moja.

Badala yake nilisimama karibu na Zakaria. Zakaria ni seremala, ana kifua kipana na sauti inayotoka chini kabisa, kama gari linapopanda mlima wa Nengo. Yeye akifungua kinywa, mimi nafungua cha kwangu nyuma kidogo tu, muda wa kupepesa jicho. Akipanda, napanda. Akinyamaza, nanyamaza. Mchungaji alisifu ule uzito wa sauti yetu ya nne; alisema inaingia taratibu, kwa unyenyekevu. Kumbe ni mimi niliyekuwa ninasubiri kujua Zakaria anakwenda wapi.

Na uongo ukikaa vizuri mwilini mtu anauongezea urembo. Nilianza kukemea wengine: "Angalieni noti, ndugu zangu, noti!" Mpishi wa Mchungaji aliwahi kuniletea karatasi yenye mistari, akaniuliza nini hii. Nikaitazama kwa muda mrefu, nikaimba kitu cha huzuni, nikamwambia ni wimbo wa maziko. Ilikuwa karatasi ya kuandikia hesabu ya mashuka ya kufua, haijaandikwa kitu.

Hata Mama Ester, mke wangu, nilimpata hivyo. Baba yake hakutaka fundi cherehani. Yeye akamwapia baba yake: huyu si fundi tu, huyu anasoma noti. Hadi leo wanawake wa sokoni wanamwita Mama Noti, naye anaitika.

Basi. Baada ya Krismasi akaja Mwalimu Anastazi.

Ni kijana mwembamba, ametoka chuo cha ualimu, suruali yake fupi kwa sentimita mbili (nilipima kwa macho siku ya kwanza). Mchungaji akampa kwaya. Alitusikiliza tukiimba nyimbo tatu, akafunga macho, akasema tunaimba vizuri sana. Halafu akasema:

"Lakini mwanzoni ni wawili au watatu wanaoimba. Wengine wanashika nguo zao."

Nilihisi Zakaria akijisogeza. Au nilijisogeza mimi.

Akaleta sanduku la karatasi alizonakili kwa mkono wake huko chuoni. Alisema ni muziki wa Ulaya wa zamani, wa miaka mia mbili na zaidi, unaitwa baroki, wa wakati ambao wanaume wa huko walivaa nywele za kununua. Nyimbo za sauti mbili, hazina maneno, unaimba majina ya noti yenyewe: do, re, mi. Sauti ya kwanza inaanza peke yake. Ya pili inakaa kimya, inahesabu, kisha inaingia na yaleyale yaliyoimbwa na ya kwanza. Lakini wakati huo ya kwanza imekwisha kwenda mahali pengine. Zinafukuzana hivyo mpaka mwisho.

Mwalimu akaeleza sababu. Katika nyimbo zetu za ibada sauti zote nne zinatembea pamoja, hatua moja, kwa hiyo asiyejua njia anabebwa. Katika hii baroki kila sauti ina miguu yake. Mwenzako akiwa juu, wewe uko chini. Akikimbia, wewe umesimama. Ukimfuata tu, umepotea, na kila mtu anasikia umepotea.

"Hii ndiyo itafundisha macho yenu na masikio yenu," akasema, akitabasamu kama mtu anayegawa peremende.

Mimi jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Halafu akaanza mazoezi ya sikio. Anabonyeza kinanda, anasema hii ni do, anabonyeza tena mahali pengine, anauliza: na hii je? Akaanza na mimi, kwa sababu mimi ni kiongozi. Nikasikiliza. Kwaya nzima ikasubiri kujifunza kutoka kwangu.

"Iko muzuri, Mwalimu," nikajibu.

Watu wakacheka, wakadhani nimefanya utani. Mwalimu hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari lake.

Kisha akatangaza mambo mawili. Kwanza: tutafanya kazi wawili wawili, na yeye ndiye atakayepanga. Pili: Jumapili hii, yaani leo, kwaya ya Goma ingevuka kuja kuabudu nasi, na baada ya ibada kila jozi ingesimama mbele ya watu na kuimba ukurasa ambao hawajawahi kuuona. Kwa kusoma papo hapo. Na viongozi wa sauti wangechaguliwa upya kufuatana na siku hiyo.

Zakaria akapewa mwimbaji wa sauti ya kwanza, binti wa karani. Mimi nikapewa Mama Danieli.

Mama Danieli anauza samaki pale ufukoni, ni mjane, ana mikono yenye nguvu na alijiunga na kwaya mwaka jana tu. Hajui kusoma. Jina lake mwenyewe analitambua kwa umbo, kama mtu anavyotambua mbuzi wake. Nikapumua. Nikawaza: huyu hatajua kama sijui.

Zoezi la kwanza nikakohoa. Zoezi la pili nikaumwa jino. La tatu nilionyesha kidole changu kilichochomwa na sindano, na Mwalimu akaniuliza kwa upole kama huwa ninaimba kwa kidole.

Jumanne iliyofuata, mchana, Mama Danieli akaja kibarazani kwangu. Nilikuwa ninashona suruali ya bwana mmoja wa pale kwenye kizuizi cha barabara ya Goma. Alitua kikapu chake, akakaa kwenye kibao cha wateja, akatoa karatasi ya muziki iliyokunjwa ndani ya kitenge.

"Baba Ester, hapa hakuna Mwalimu. Ule jino iko namna gani?"

"Limepona kidogo, Mama Danieli."

"Bon. Imba."

Nikatazama zile mbegu za papai. Nikasafisha koo. Nikauliza kama angependa chai. Nikakanyaga cherehani kwa nguvu ili kelele zifunike mambo, lakini yeye akaweka kiganja chake juu ya gurudumu, likasimama.

"Mi ninangoja."

Sijui kilichonipata. Labda ni kwa sababu hakuwa na hasira. Nikasema, nikiitazama suruali: "Mama Danieli, mimi sijui kusoma noti."

Mara ya kwanza katika maisha yangu. Nikasubiri mbingu zianguke.

Mama Danieli alicheka mpaka akalazimika kushika nguzo. "Yewe, Mana yanjye!" akamlilia Mungu wake kwa Kinyarwanda. Watu wawili waliokuwa wanapita wakasimama. Alipopata pumzi akajifuta macho na pembe ya kitenge.

"Na mi nilijua! Siku ya kwanza nilijua. Unamufuataka Zakaria kama mbwa ya jikoni. Lakini nilisema, labda ni heshima."

"Na wewe je?" nikamuuliza, nikitaka mwenzangu wa kuzama naye. "Wewe hata barua husomi."

"Barua ni kitu ingine. Barua inadanganya. *A* na *o* zinafanana kama mapacha, mutu anakosa. Lakini noti iko mwaminifu. Ukiona imepanda, sauti inapanda. Ukiona imeshuka, inashuka. Mwalimu alinionyesha miezi tatu, ikaisha. Nini ngumu hapo?"

Miezi mitatu. Mimi nimekaa kumi na moja, tena miaka.

Akaanza kunifundisha palepale. Kwanza akanipa do. Aliiimba, akaniambia niiweke tumboni niitunze, kwa sababu do ndiyo nyumbani, na mtu akijua nyumbani ni wapi anaweza kutembea popote. Nikaimba. Akasema hiyo si do, hiyo ni Zakaria. Nikaimba tena. Mara ya saba hivi aliendelea kuimba akiniangalia, na mimi nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: sauti yangu na yake zikakaa pamoja bila kusuguana, kama vitambaa viwili vilivyopigwa pasi.

Nywele zilinisimama shingoni. Mtu mzima, nina watoto watatu.

Siku zilizofuata alikuja kila mchana akitoka sokoni. Na hapa lazima niseme jambo la ukweli, kwamba nilipoanza kuelewa, nilielewa kama fundi. Ile mistari mitano nikaona ni utepe wa kupimia uliolazwa. Kutoka do kwenda mi unaruka alama moja. Hatua zote ni sawa isipokuwa mbili: mi kwenda fa, na si kwenda do, hizo ni fupi, nusu ya nyingine, na sikio langu lilikuwa linazikata ndefu kila mara. Mama Danieli alinipiga begani kwa kitambaa: "Fupi! Fupi! Unanunua kitambaa mingi ya nini?"

Na yule Mzungu wa nywele za kununua, aliyetunga ule wimbo! Nilipoona anachofanya nilisimama nikatembea barabarani nikarudi. Anachukua kipande kidogo cha wimbo, noti nne tu. Kisha anakisogeza chini hatua moja, kipande kilekile. Kisha chini tena hatua moja. Ni patroni! Amekata karatasi moja, anaisogeza juu ya kitambaa. Na sauti ya pili inayoingia nyuma ni bitana, imekatwa kwa patroni ileile, inaingia ndani ya koti. Nilimwambia Mama Danieli: huyu alikuwa fundi cherehani, nakuapia.

"Basi umushone vizuri," akasema.

Nikawa ninaimba nikikanyaga cherehani, nikipima kiuno cha watu, nikienda kisimani. Ndiyo sababu yule bwana wa kizuizini alirudi Ijumaa na suruali yake, akaivaa mbele yangu, akasimama. Mguu wa kulia ulikuwa umeishia kwenye kiatu, wa kushoto juu ya kifundo.

"Donc, fundi," akasema, "huu mguu ni sauti ya pili? Utaingia baadaye?"

Habari zilikuwa zimemfikia hata yeye. Na kama zimemfikia yeye, kulikuwa na mtu mwingine ambaye zilimfikia mapema zaidi.

Jumatatu iliyopita, tukiwa katikati ya ukurasa, mimi nikisema "sol, sol, mi" na Mama Danieli akinijibu "sol, sol, mi" kutoka kwenye kibao, Mama Ester akatokea kibarazani. Alikuwa amejifunga kitenge cha kutembelea wagonjwa. Wanawake watatu wa sokoni walisimama ng'ambo ya barabara wakijifanya wanachagua ndizi.

"Ninaambiwa mume wangu anaongea na mjane lugha isiyojulikana," akasema.

Mama Danieli akasimama upesi. "Mama Ester, hakuna kitu. Ninamufundisha noti."

Ah.

Niliona jinsi lile neno lilivyomwingia mke wangu. Lilipita sikioni, likashuka, likafika chini, likatulia. Aliniangalia mimi, hakumwangalia tena Mama Danieli.

"Anakufundisha," akasema. "Wewe."

Nikamweleza. Nilieleza swali la Mchungaji, vikaratasi vya wapishi, Zakaria, kila kitu, na kadiri nilivyoeleza nilijisikia napungua, kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya moto. Nilipofika mwisho alisema jambo moja tu: "Nilimwapia baba yangu." Akageuka akaenda zake. Wale wa ndizi wakampisha.

Siku sita hakuniambia neno. Chakula kilikuja, maji ya kuoga yalikuja, shati langu lilikuja limepigwa pasi, vyote kimya. Ester, binti yetu mkubwa, ndiye alikuwa akileta ujumbe: mama anasema chumvi imekwisha. Mama alikuwa hatua mbili kutoka kwangu.

Nilifikiria kuacha kwaya. Jumatano nilifikiria kumwambia Mwalimu kwamba nimeitwa Ruhengeri kushona sare za shule. Ni Mama Danieli aliyenikatalia. "Ukikimbia, mi nitasimama na nani? Sauti ya pili haiwezi kuingia kama ya kwanza haikutoka."

Nikafungua karatasi tena.

Sasa, leo.

Kanisa lilijaa. Kwaya ya Goma walikuja na lori, wamelowa, wanawake wamevaa vitambaa vyeupe kichwani vilivyoshikana na nyuso zao kwa mvua. Baada ya ibada Mwalimu Anastazi akasogeza kinanda, akaweka meza ndogo, na juu ya meza karatasi zimelazwa kifudifudi. Mchungaji akakaa mbele, akageuza sikio lake zima. Mama Ester alikaa safu ya kwanza. Nilikuwa nimemwomba Mungu amweke nyuma ya nguzo.

Jozi ya kwanza waliimba vizuri. Ya pili walicheka katikati lakini wakafika. Kisha: "Baba Ester na Mama Danieli."

Mwalimu akageuza karatasi. Sikuwahi kuiona. Akanipa do, mara moja tu, na kidole chake kikatoka kwenye kinanda.

Nikaiweka tumboni. Nikatazama. Na jamani, niliona! Noti ya kwanza iko nyumbani, inapanda hatua mbili, inaruka, inarudi. Kisha patroni ileile, hatua moja chini. Nikafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja hakukuwa na mtu mbele yangu. Sauti ilitoka. Haikuwa nzuri sana, ilitetemeka kama mguu wa ndama, lakini ilikuwa inakwenda mahali karatasi ilipokwenda. Nilisikia mtu wa Goma akisema "Tiens," kwa mshangao.

Ndipo Mama Danieli akaingia.

Aliingia safi, na sauti yangu, ile iliyozoea vibaya, ikamsikia mtu anayejua njia ikamkimbilia. Sikuamua. Iliteleza tu. Nilipojitambua tulikuwa tunaimba kitu kimoja, mimi nyuma yake muda wa kupepesa jicho.

Watu wengi hawakujua. Baadhi ya wale wa Goma walikuwa wanatikisa vichwa kwa raha. Mchungaji alitabasamu. Ningeweza kuendelea hadi mwisho, na pengine ningepigiwa makofi. Ni Mwalimu tu aliyeinua nyusi, na Mama Danieli aliyenitazama kwa pembe ya jicho bila kuacha kuimba.

Nikanyamaza. Mama Danieli naye akanyamaza.

"Samahani," nikasema. Nilidhani ningenong'ona lakini kanisa lile linabeba sauti. "Nimepotea. Nilimfuata Mama Danieli. Miaka kumi na moja nimekuwa nikimfuata Zakaria. Mimi sikujua kusoma noti, Mchungaji, nilidhani unauliza vikaratasi. Nimejifunza wiki hizi tatu, na huyu mama ndiye aliyenifundisha. Naomba nianze tena."

Sikuthubutu kutazama safu ya kwanza.

Mchungaji akamwinamia mpishi wake, aliyekaa kando yake: "Amesema nini?"

"Amesema ile haikuwa wimbo ya maziko," mpishi akajibu kwa sauti kubwa, na kwa uchungu ambao nadhani alikuwa ameutunza muda mrefu.

Kanisa likaangua kicheko. Nilicheka na mimi, ningefanya nini? Na kicheko kile kilinisaidia. Mwalimu akanipa do ya pili.

Safari hii nilikanyaga sakafu kwa mguu wa kulia, taratibu, kama ninavyokanyaga cherehani kwenye kitambaa kizito, na macho sikuyatoa kwenye mistari. Mama Danieli akaingia. Nilimsikia, Mungu ananiona nilimsikia, kila noti yake ilinivuta kwenye mkono wa koti. Sikwenda. Yeye akapanda, mimi nikashuka. Yeye akasimama, mimi nikakimbia. Mi kwenda fa, fupi, sikuongeza kitambaa. Kuna mahali katikati zile sauti mbili zilisuguana, chungu kabisa, nikataka kukimbia, lakini karatasi ilisema kaa. Nikakaa, na hatua moja baadaye uchungu ukafunguka wenyewe. Sijui niandikeje. Nilijua kwamba ni mimi niliyeushikilia upande wangu.

Nilifika do ya mwisho kabla yake. Nilikuwa nimeruka kitu mahali fulani. Nikaishika ile do, nikaishika, pumzi ikiniishia na macho yakitoka, mpaka Mama Danieli akaja akakaa juu yake bila haraka hata kidogo.

Mwalimu Anastazi akaandika. "Makosa matatu," akasema. Halafu akavua miwani akaifuta. "Lakini yote ni yako."

Kisha akamwita Zakaria.

Zakaria alikuja mbele na kile kifua chake. Binti wa karani akasimama kando yake. Mwalimu akageuza karatasi, akatoa do. Zakaria akaitazama karatasi muda mrefu. Akakunja uso. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeelewa. Ninaijua ile. Ninaijua kabisa.

Akakohoa.

Akakohoa tena. Kisha akageuka, akanitafuta kwa macho katikati ya watu wote.

"Baba Ester," akasema, "na mi nilikuwa ninakufuata we."

Sijawahi kusikia kelele kama ile kanisani. Hata wanawake wa Goma walishikana. Sauti ya nne nzima, wanaume wanane, ikasimama mmoja mmoja kama kwenye ungamo: huyu alimfuata Zakaria, huyu alinifuata mimi, huyu alimfuata yule aliyenifuata mimi. Miaka yote ile hakuna aliyekuwa anaongoza. Tulikuwa tunategemeana tu, na Mungu kwa huruma yake alituacha tufike mwisho wa kila wimbo.

Nimevuliwa uongozi. Kiongozi wa mafunzo ya sauti ya nne ni Mama Danieli, kila Alhamisi, na sisi wanaume tumeagizwa tuje na penseli, lakini tusiandike kitu mpaka aseme.

Kurudi nyumbani tulitembea na Mama Ester chini ya mwavuli mmoja, kwa sababu upo mmoja. Ester na wadogo zake walitangulia mbio. Tulifika karibu na nyumba za Nengo ndipo aliposema, akitazama tope:

"Sasa wale wanawake nitawaambia nini?"

"Waambie ninajifunza."

Akaruka dimbwi la maji.

"Kunyamaza katikati ya wimbo," akasema. "Mbele ya Goma. Ungeweza kumaliza tu, hakuna aliyejua."

"Mwalimu alijua."

"Mi sikujua." Akausogeza mwavuli upande wangu kidogo. "Ulisimama kama mutu, Baba Ester."

Tulipofika nikavua viatu, nikaviweka karibu na jiko.

Sasa ninaandika, na yeye yuko jikoni anamenya viazi. Anaimba. Anaimba ule wa leo, sauti ya pili ya Mama Danieli. Ameishika yote kwa kusikia mara mbili, bila karatasi. Ninasikiliza nikiwa nimesimamisha kalamu. Kila akifika kwenye mi, inashuka kidogo. Si sana. Unene wa uzi. Wiki tatu zilizopita nisingesikia kitu, ningesema iko muzuri. Leo ninaisikia kila inapopita, na inanikera kama sindano iliyoachwa kwenye kola.

Mke wangu ameanza kuzungumza nami leo, baada ya siku sita.

Je, nimwambie?